Shajara ya Probox: Iringa hadi Dar, lita kwa lita

8 Machi 2025, Jumamosi

Saa 11 alfajiri, sheli ya Iringa mjini. Nimemwomba kijana wa pampu aache pale pampu itakapokata yenyewe mara ya kwanza, asiongeze hata tone la kufunga hesabu. Odometa inasoma 214,306. Kuanzia leo kila lita itakayoingia kwenye gari hili itaandikwa humu.

Gari ni Toyota Probox ya mwaka 2008, injini ya 1NZ-FE yenye sentimita za ujazo 1,497, gia otomatiki za hatua nne. Kila baada ya wiki mbili tatu linashuka Dar es Salaam na kupanda tena kufuata bidhaa za duka la mke wangu: vitenge, mashuka, na zaidi ya yote beseni na ndoo za plastiki kutoka Kariakoo. Mwezi Februari tulikaa na daftari la duka, tukakuta petroli imekula zaidi ya nusu ya faida. Kila niliyemweleza alinipa jibu lile lile: injini imechoka, tafuta injini ya mtumba ubadilishe. Watu wanne, na hakuna aliyeniuliza gari linatembea kilomita ngapi kwa lita. Wala mimi nilikuwa sijui.

Nafundisha fizikia sekondari. Kila mwaka naandika ubaoni kazi, nishati na ufanisi, na watoto wa watu wananakili. Naona si haki kuihukumu injini kabla ya kuipima. Kwa hiyo washukiwa ni watatu, na kila mmoja atapimwa: injini, uzito, kasi.

Kanuni ya kwanza: napima safari nzima, kwenda na kurudi. Iringa mjini iko kama mita 1,550 juu ya usawa wa bahari, Dar iko baharini. Anayepima kushuka peke yake atasifia gari lake bure, na anayepima kupanda peke yake ataliuza.

9 Machi, Jumapili usiku

Nimefika. Nimejaza sheli ile ile, pampu ile ile. Kilomita 1,011, lita 89.4 kwa jumla ya kujaza kote. Ni kilomita 11.3 kwa lita.

Naandika na namna nilivyoendesha, maana namba bila maelezo haisaidii. Penye barabara wazi nilikwenda 110. Kasi zote nasoma kwenye GPS ya simu, kwa kuwa mshale wa dashibodi unazidisha: ukisema 100, simu inasema 94. Kwenda, gari lilikuwa tupu, keria ikiwa juu haina kitu. Kurudi, mzigo mzito kidogo ndani, na juu ya keria beseni na ndoo zimefungwa kwa turubai, kimo chake kama sentimita 60 juu ya paa.

Mke wangu aliuliza kama huo mzigo wa juu ndio unaoongeza mafuta. Nikamjibu kwamba beseni zote zile hazifiki kilo 60, ni uzito wa mtu mmoja. Tukaliacha hapo.

15 Machi, Jumamosi

Gereji. "Kamwene, mwalimu," fundi akanipokea, akasikiliza, akafungua boneti. Plagi mpya nne, ea klina mpya (ya zamani ilikuwa nyeusi kama sufuria ya mkaa), oili mpya ya 5W-30, nozeli zinazopulizia petroli kwenye injini zikasafishwa. Akaniongezea chupa ya dawa ya kumimina kwenye tangi. Nililipa kwa moyo mweupe, maana nami niliamini ugonjwa uko humu.

23 Machi, Jumapili

Kilomita 1,008, lita 86.9. Kilomita 11.6 kwa lita.

Gari linavuta vizuri zaidi, hilo nalisikia mlimani. Lakini kwenye mafuta tofauti ni 0.3 tu. Kosa la kujaza lita moja zaidi au pungufu peke yake linaweza kusogeza jibu kwa 0.14, basi siwezi kuapa kwamba hata hiyo 0.3 ni ya plagi.

Kuhusu ea klina nimeelewa jambo ambalo nililishika vibaya miaka yote. Kwenye magari ya kabureta, hewa ikizibwa petroli inazidi. Kwenye injini ya nozeli, kompyuta inapima hewa inayoingia na kumwaga petroli inayolingana nayo. Ea klina chafu inapunguza nguvu, na dereva anakanyaga zaidi, ila mchanganyiko unabaki sawa. Bado ni vizuri kuibadilisha, vumbi likipita linakwangua silinda. Ila asikuahidi mtu kuwa itakuokolea mafuta mengi.

29 Machi, Jumamosi

Mvua tangu asubuhi. Nimekaa na kalamu.

Gari likiwa kwenye tambarare kwa kasi isiyobadilika, injini inapigana na vitu viwili. Cha kwanza ni tairi: mpira unabonyea unapogusa lami na kunyanyuka tena, na kila kubonyea kunaacha joto. Kani hii inafuata uzito wa gari na karibu haijali kasi. Probox nikiwa peke yangu ndani ni kama kilo 1,150, na kwa tairi za kawaida kwenye lami nakadiria newtoni (kipimo cha kani) 146 hivi.

Cha pili ni hewa. Hii haijali uzito hata chembe. Inajali umbo, ukubwa wa uso wa gari, na mraba wa kasi. Probox ni boksi, ndiyo sababu tunaipenda kwa mizigo, na ndiyo sababu hewa haiipendi. Kwa hewa ya Pwani yenye joto, ambayo mita moja ya ujazo ina kilo 1.15 hivi, nimepata:

kasi 60, hewa inasukuma newtoni 133
kasi 80, newtoni 236
kasi 100, newtoni 368
kasi 110, newtoni 446

Kwenye 60 hewa na tairi karibu wanalingana. Ukifika 110, hewa peke yake ni mara tatu ya tairi. Na kwa kuwa nguvu ni kani mara kasi, injini inatakiwa kutoa kilowati 8 na nusu hivi ukiwa 80, lakini 18 ukiwa 110. Umeongeza kasi kwa kilomita 30 tu, nguvu imezidi mara mbili.

Halafu nikazigeukia zile beseni, na hapa ndipo nilipoweka kalamu chini. Kilo 60 juu ya paa zinaongeza msuguano wa tairi kwa newtoni 8. Nane. Lakini lile turubai lina upana wa mita 1.1 na kimo cha sentimita 60, ukuta uliosimama wima mbele ya upepo. Kwenye 110, ukuta ule unaongeza, kwa makadirio yangu, zaidi ya newtoni 250. Ule mzigo niliouita mwepesi ndio mzito kuliko wote. Nilimwita mke wangu nikamwonyesha hesabu, nikamwambia alikuwa sahihi na mimi sikuwa sahihi.

Makadirio ni makadirio. Safari ijayo keria inashuka.

6 Aprili, Jumapili

Keria imebaki ukutani Iringa. Kariakoo ilichukua saa nzima na nusu kupanga upya: nilikunja viti vya nyuma, wapagazi wakatoa beseni kwenye maboksi wakazivalisha moja ndani ya nyingine kwa saizi, ndoo vile vile, na ndani ya ndoo za juu tukajaza mashuka. Ndoo kubwa za lita 60 zilikataa. Hizo nimezituma kwa lori la jirani.

Kilomita 1,009, lita 76.4. Kilomita 13.2 kwa lita.

Lita kumi na nusu zimeokolewa bila spana kugusa gari. Sikuendesha polepole, 110 ilikuwa ile ile. Nilirudi kwenye daftari mara tatu kuhakikisha sijasahau kuandika risiti moja ya njiani. Sijasahau.

Keria tupu nayo ina hatia yake. Vyuma vile vinapigwa upepo safari nzima, kwenda na kurudi, hata visipobeba kitu. Nimeiangalia Iringa mjini leo jioni: karibu kila Probox na kila Noah ina keria, na nyingi ni tupu.

13 Aprili, Jumapili

Jaribio la kuserereka, pamoja na wanafunzi sita wa kidato cha tatu. Tulipata kipande cha lami kilichonyooka nje ya mji, asubuhi mapema kabla magari hayajawa mengi, mzazi mmoja akisimama kila upande kutoa ishara. Utaratibu: fikisha 65, weka gia kwenye N, anza saa ikifika 60, simamisha ikifika 40. Kila jaribio mara mbili, upande huu na upande ule, ili mteremko na upepo vifutane. (Ni kwenye tambarare tu. Kwenye mteremko gari libaki kwenye gia, nitalieleza hilo.)

Kwanza upepo wa tairi kama nilivyoukuta: psi 24 zote nne, wakati kibandiko cha mlangoni kinataka 33. Wastani sekunde 24. Tukajaza mpaka 33 kwa pampu ya mguu, vijana wakipokezana: sekunde 27. Upepo peke yake umelifanya gari liserereke zaidi kwa sekunde tatu. Nilikuwa naendesha tairi laini kwa miezi sijui mingapi.

Kisha tukapakia mifuko ya mchanga, kilo 250. Niliwaambia waandike utabiri kabla. Watano waliandika gari litasimama mapema kwa sababu ni zito. Binti mmoja aliandika litakwenda mbali zaidi. Wastani: sekunde 29.

Mjadala uliofuata ulikuwa mzuri kuliko kipindi chochote nilichofundisha mwaka huu. Msuguano wa tairi umeongezeka pamoja na uzito, kweli. Lakini hewa inasukuma kwa kani ile ile iliyosukuma gari tupu, na sasa inajaribu kusimamisha kitu kizito zaidi. Binti alisema kwa maneno yake: "Mwalimu, ni kama lori. Likishaondoka, nani alisimamishe?"

Ndiyo maana uzito hauumi sana kwenye barabara ndefu isiyo na vizuizi. Unauma unapoondoka, unapopanda, na kila unapokanyaga breki, maana ile nishati uliyoilipia inabaki kuwa joto kwenye diski. Safari ya juzi nilihesabu mara 118 nilipotoka kwenye kasi ya 80 hivi nikashuka chini ya 20: matuta, vizuizi, vijiji, punda. Kila mara kama hiyo, kurudi kwenye 80 kunagharimu karibu mililita 40 za petroli. Zidisha kwa 118, zinakaribia lita 5. Nusu yake ningeiokoa kama ningeachia aksileta mapema badala ya kukimbia mpaka kwenye tuta.

27 Aprili, Jumapili

Safari imeharibika kisayansi. Kilomita 1,013, lita 79.8. Kilomita 12.7 kwa lita, yaani chini kuliko mara iliyopita, keria ikiwa haipo na tairi zikiwa na upepo sawa.

Mvua ilinyesha kutoka Mikumi hadi Chalinze, na tairi inayosukuma maji inafanya kazi ya ziada. Hilo linaeleza kidogo. La pili nililiona Morogoro. Mdogo wangu alikuwa ameshika usukani kuanzia Iringa. Kabla ya kushuka Mlima Kitonga alibonyeza kitufe cha O/D (ovadraivu, kinachozima gia ya nne) ili gari lishuke kwa gia ya tatu, na alifanya vyema kabisa. Ila tulipofika chini, Ruaha Mbuyuni, hakukirudisha. Taa ya O/D OFF iliwaka mpaka Morogoro, kilomita karibu mia mbili, injini ikizunguka zaidi ya inavyohitajika kwa kasi ile ile.

Sitaifuta safari hii, inafundisha. Injini ya petroli inapumua kupitia mlango wa hewa unaofunguliwa na aksileta. Ukienda na gia ndogo kwenye tambarare, unahitaji nguvu kidogo, kwa hiyo mlango uko karibu umefungwa, na pistoni zinavuta hewa kama mtu anayepumua kwa mrija wa soda. Zinavuta kwa shida, mara nyingi zaidi kwa dakika, na kila mzunguko una msuguano wake wa vyuma na oili. Ukiwa na gia kubwa, mizunguko inapungua, mlango unafunguka zaidi, kazi ile ile inafanyika kwa hasara ndogo. Injini ya petroli kama hii ikiwa mahali pake pazuri kabisa inageuza kama theluthi moja ya nishati ya petroli kuwa mwendo. Kwenye matumizi ya kila siku inaangukia robo au chini. Zilizobaki zinatoka kwa ekzosi na rejeta. Toyota walipoifikisha injini ya Prius kwenye asilimia 40 ilikuwa habari kubwa kwa wahandisi, na hata hapo lita sita kati ya kumi zinakuwa joto.

Na kuhusu Kitonga: mdogo wangu aliniambia madereva wenzake humcheka kwa kushuka na gia, wao huweka frii, yaani gia kwenye N, kuokoa mafuta. Nimemwomba awaeleze hivi. Ukiachia aksileta gari likiwa kwenye gia, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na kompyuta inafunga nozeli kabisa. Matumizi ni sifuri. Ukiweka frii, injini inabidi ijiendeshe yenyewe, inachoma zaidi ya nusu lita kwa saa. Kwa hiyo frii haiokoi, inaongeza. Na breki zinabeba peke yake mzigo wote wa mlima ule, kwenye kona zile, huku malori yakipanda upande wa pili. Tumeona mara ngapi mabaki ya malori bondeni? Hakuna petroli ya thamani hiyo.

3 Mei, Jumamosi

Nimerudi kwa fundi na swali moja lililokuwa likinisumbua. Gari hili lina taa ndogo inayowaka injini ikiwa baridi na kuzimika ikipata moto. Asubuhi za Iringa inachukua muda mrefu sana kuzimika. Na mara mbili, tukiwa katikati ya kushuka Kitonga, imewaka tena. Injini iliyotembea saa nzima inapoaje mpaka taa ya baridi iwake?

Fundi hakujibu, alichukua spana. Alifungua nyumba ya themostati, akaingiza kidole, akacheka kwa huzuni: "Haimo, mwalimu."

Mtu fulani, kwenye gereji fulani, kabla sijalinunua gari, aliitoa. Ni desturi iliyoenea: gari likichemka, themostati inatupwa ili maji yazunguke bila kizuizi, na mteja anaondoka na furaha. Kumbe kazi ya kile kidude cha sahani na springi ni kufunga njia ya rejeta mpaka maji yafike kama nyuzi 82. Bila hicho, kwenye baridi ya huku kwetu, injini haifiki kwenye joto lake. Kompyuta inadhani gari ndiyo kwanza limewashwa, inaendelea kumwaga petroli ya ziada. Oili inabaki nzito. Silinda zinachakaa mapema.

Tumeweka mpya, na kulanti badala ya maji ya bomba. Bei yake haifiki nusu ya ile ya plagi nne. Hiki ndicho kilichokuwa "uchovu wa injini" kwa sehemu yake yote ninayoweza kuithibitisha, na nimekasirika, maana kuna watu wangapi wameuza injini nzima kwa sababu ya kidude kilichotolewa na fundi aliyetaka kumaliza kazi haraka.

18 Mei, Jumapili

Kilomita 1,007, lita 72.6. Kilomita 13.9 kwa lita. Kasi 110 bado, keria haipo, themostati ipo, O/D ipo. Taa ya baridi ilizimika kabla sijatoka mjini na haikuwaka tena Kitonga.

8 Juni, Jumapili

Zamu ya kasi. Hili nililiahirisha kwa kuwa nilijua ndilo gumu kwangu. Napenda kukimbia barabara ikiwa wazi, na nilikuwa na hoja: muda nao ni fedha.

Safari hii, mwisho 85. Nilishika saa kuanzia daraja la kutoka mjini Iringa mpaka Ubungo. Safari ya Mei, kwa 110, ilikuwa saa 8 na dakika 40. Safari hii saa 9 na dakika 15. Tofauti: dakika 35.

Nilitegemea saa mbili. Nilipokaa na kuchora njia nikaona sababu. Vibao vya 50 vijijini vinahesabika kwa makumi. Hifadhi ya Mikumi ni kilomita karibu 50 za kwenda taratibu kwa ajili ya wanyama na matuta. Kupanda na kushuka Kitonga unafuata lori lililo mbele yako. Foleni ya kuingia Dar haina habari na kasi yako ya Doma. Katika kilomita 500, zile nilizoweza kukimbia kweli ni kama 200. Kilomita 200 kwa 110 ni saa 1 na dakika 49, kwa 85 ni saa 2 na dakika 21. Hizo ndizo dakika zote ninazonunua.

Na bei yake? Kilomita 1,010, lita 64.9. Kilomita 15.6 kwa lita. Lita karibu 8 chini ya Mei. Dakika 35 kila upande, jumla saa moja na dakika 10, kwa lita 8. Kila mtu apime muda wake mwenyewe, lakini mimi saa yangu moja hailipwi lita 8 za petroli.

Baba aliposikia alinikumbusha miaka ya shida ya mafuta, magari binafsi yaliyokatazwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana. Anasema watu walitoka kanisani mbio kuwahi nyumbani. Wamarekani nao mwaka 1974, baada ya Waarabu kusitisha mafuta, waliweka ukomo wa maili 55 kwa saa nchi nzima, yaani kama kilomita 88, na walikaa na sheria hiyo mpaka 1995. Nimefurahi kukuta kwamba 85 yangu iko jirani na hesabu ya watu waliokuwa na shida ya kweli.

Jambo moja la pembeni ambalo wanafunzi walilipenda: hewa ya Iringa ni nyepesi kuliko ya Dar kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, kwa ajili ya mwinuko. Kwa hiyo kwa kasi ile ile, gari linasukuma hewa pungufu huku juu. Injini nayo inavuta hewa pungufu, inapoteza nguvu. Unapewa huku, unanyang'anywa kule.

29 Juni, Jumapili

Nilitaka kuupa uzito nafasi yake ya haki. Safari hii hakuna beseni kabisa: vitenge marobota na sufuria, kilo 320 kwa mizani ya Kariakoo, zote ndani. Ni kilo 180 zaidi ya mzigo wangu wa kawaida. Upepo wa tairi za nyuma niliongeza kufuata kibandiko. Kasi 85.

Kilomita 1,009, lita 66.3. Kilomita 15.2 kwa lita.

Kilo 180, na tofauti ni lita 1.4. Kuzipandisha kilo hizo kutoka baharini mpaka Iringa, mita elfu moja na mia tano hivi, ni karibu lita 0.3 ukihesabu ufanisi wa injini. Zilizobaki ni tairi na zile kuondoka-kusimama mia na zaidi. Nikalinganisha na safari ya pili ya shajara hii: kilo 60 za beseni juu ya paa, kwa 110, pamoja na keria yake, zilikula lita kumi.

Jirani yangu anaendesha semi Dar hadi Tunduma. Anasema akiwa amejaza hupata kilomita 2 kwa lita, na watu humwonea huruma. Lakini gari lake linabeba tani thelathini za mzigo. Kila tani inasafirishwa kilomita moja kwa lita 0.017. Probox yangu, hata hii iliyopona, inatumia mara kumi na mbili ya hiyo kwa tani. Nilipomwambia mke wangu aliuliza swali ambalo sikuwa nimeliweka kwenye mradi: kwa nini basi tunazifuata ndoo wenyewe?

12 Julai, Jumamosi

Tumekaa tena na daftari la duka. Kutoka lita 89.4 hadi 64.9 kwa safari, lita 24 na nusu. Ndoo na beseni zitakuja kwa lori la jirani kila mwezi, kwa kilo. Mimi nitashuka Dar kwa vitenge tu, mara moja kila wiki sita, kwa sababu vitenge mke wangu anavichagua kwa macho na hakuna lori la kumfanyia hivyo. Fedha ya injini ya mtumba imenunua tairi nne mpya.

Keria nimempa fundi, akasema kuna mteja aliyeiulizia. Nilimweleza fundi habari ya newtoni 8 na newtoni 250. Alisikiliza mpaka mwisho akaniambia atamweleza na mteja, na akaniomba nimwandikie hizo namba kwenye karatasi. Nimemwandikia.

Kilichobaki ni mjini. Kwenda shule na sokoni, kilomita tatu tatu, injini ikiwa baridi asubuhi za Julai, napata 8.9 kwa lita, na bado sijaelewa vizuri ni kiasi gani cha hiyo ni baridi na kiasi gani ni kuondoka na kusimama. Wanafunzi wamependekeza wiki mbili: ya kwanza naendesha kama kawaida, ya pili naunganisha safari zote za siku kuwa moja, injini ikiwa imeshapata moto. Odometa leo: 222,140. Tunaanza Jumatatu.